Ulimi wa Royce Hocutt

Nadine Hocutt alifungua friji kutoa maziwa, akakuta vijiti vya meno vimetoka mahali pake.

Vilikuwa vimelala chini ya droo ya siagi, sambamba, kana kwamba mtu ameviweka kwa mkono. Kikasha cha plastiki ambamo mumewe alihifadhi vipenga vyake vya kuwindia bata mzinga kilikuwa palepale, kimefungwa. Alikifungua. Vipenga vyote vilikuwamo, na tando zake za mpira zilikuwa zimelaliana, zimefumba kama midomo.

Akavirudishia vijiti kimoja kimoja. Kazi hiyo aliijua. Baba yake alikuwa mwindaji, na babu yake pia, na katika milima ile ya Alabama mtoto wa kike hujifunza kutunza kipenga cha mdomoni kabla hajajifunza kuoka mkate. Msimu ukifungwa mwezi wa tano, kipenga huoshwa kwa maji baridi, husuuzwa kwa dawa ya kusukutulia ili kisiote ukungu, hukaushwa juu ya taulo mbali na jua, kisha kijiti cha meno huchomekwa kati ya tando ili zisigandane. Baada ya hapo hukaa kwenye friji, gizani, mpaka majira ya machipuko. Zile tando huitwa ndimi. Mwindaji hukibana kipenga kwenye kaakaa kwa ulimi wake mwenyewe, akapuliza, akamwita dume kwa sauti ya jike.

"Garland!" aliita. "Umevichezea vipenga?"

Mumewe alikuwa barazani akivua buti za kiwanda cha mbao. "Kwani mimi mtoto?"

"Vijiti vimetoka."

"Basi ni panya."

"Panya ndani ya friji, Garland?"

"Panya wa nyumba hii wana akili kuliko kaka zako. Niletee chai, na barafu uweke ya kutosha."

Nadine alimpelekea chai. Hakumwambia kuhusu kipenga kimoja ambacho hakukichomeka kijiti kwa sababu hakutaka kukigusa. Kilikuwa na tepu ya kahawia, na ukingoni kilikuwa na herufi R iliyochomwa kwa msumari wa moto.

Kipenga hicho kilikuwa cha Royce, kaka yake Garland, aliyezikwa mwezi wa nne. Royce alifia msituni, moyo ulimsimama, mgongo wake ukiwa umeegemea mwaloni juu ya korongo la Caney. Garland ndiye aliyemkuta. Ndugu wale walikuwa hawasalimiani tangu mama yao alipogawa ardhi na ukingo wa mlima, wenye bata mzinga wengi, ukaenda kwa Royce. Wakikutana dukani kila mmoja alitazama rafu yake. Lakini hata Garland alikubali kwamba hakuna mtu katika kaunti ile aliyeita kama Royce. Alitengeneza vipenga vyake mwenyewe, akavuta mpira kwa vidole, akajaribu kipande baada ya kipande mpaka jike halisi lijibu.

Mwezi wa tano, Garland alipokuwa akiosha vipenga vyake kwenye sinki, hicho chenye R alikiruka.

"Hicho mbona hukioshi?" Nadine alimuuliza siku ile.

"Hicho hakioshwi."

"Kina mate ya marehemu."

"Ndiyo maana hakioshwi."

Nadine alielewa, na alipoelewa aliweka chini kitambaa cha vyombo. Kule husemwa kwamba kipenga kikioshwa na mkono mwingine, sauti ya mwenyewe hutoka. Husemwa vilevile kwamba kipenga hakiazimwi, kama mswaki, na cha marehemu hutiwa kwenye mfuko wa shati lake na kuzikwa naye. Garland alikuwa ameitaka sauti ile kwa msimu ujao, ikiwa na mate na vyote.

"Ulikitoa wapi, Garland? Hukupewa na waosha maiti."

"Mdomoni mwake nilikitoa. Yeye alikuwa na kazi gani nacho tena?"

Basi ndivyo kilivyoingia kwenye friji, nyuma ya siagi.

*

Mwezi wa sita, siku moja mchana, Nadine alikuwa akimenya nyanya za kuweka kwenye chupa. Garland alikuwa kazini. Redio ilikuwa imezimwa. Akasikia jike la bata mzinga likiita.

Kyo, kyo, kyo.

Aliangalia dirishani kwanza. Mwezi wa sita majike huwa na vifaranga, na sauti yao huwa ya chini, ya kuwakusanya watoto. Hii ilikuwa sauti ya mwezi wa nne, ya jike linalotaka dume. Ikaita tena, na Nadine akajua haikutoka nje. Ilitoka nyuma yake, ndani ya kitu kilichofungwa.

Alikwenda kwenye friji akashika mpini. Mlango ulipofunguka kelele ikakatika, na hewa ya baridi iliyomgusa usoni haikuwa na harufu ya maziwa wala ya jibini bali ya majani yaliyooza chini ya mwaloni, na juu yake harufu nyingine ambayo ilimchukua muda kuitambua kwa sababu hakutarajia kuikuta humo: tumbaku ya mdomoni aliyokuwa akitafuna Royce, ile yenye harufu kama dawa ya kuchulia misuli. Siagi ilikuwa imeota ukungu mweupe. Ndani ya kikasha, kipenga chenye R kilikuwa juu ya vyote. Ndimi zake zilikuwa na mate mabichi.

Watu wa kule hawana neno jini. Wao husema mzuka, husema kwa sauti ya chini, na wengi wao Jumapili hukana kwamba wamelisema. Lakini kitu kisicho na mwili kinachotafuta kinywa cha kuazima ni kilekile, liwe jina lake lolote.

Jioni alimweleza Garland. Garland alicheka mpaka akakohoa.

"Ni mota ya friji hiyo. Imezeeka kama mama yako."

"Mota haitoi mate."

"Nadine, wewe ukisikia upepo unaita mchungaji. Kilete hapa nikuonyeshe."

"Simletei mtu kitu kile."

Alikwenda mwenyewe. Alirudi nacho kwenye kiganja, akakipuliza vumbi ambalo halikuwapo, akakitia mdomoni. Nadine alisema, "Usikitie," lakini alisema kwa kuchelewa. Garland aliita. Ilikuwa sauti ya Royce hasa, ule mwinuko wa pili na kile kikwaruzo cha mwisho ambacho wanaume wa kaunti nzima walikijaribu kwa miaka wakashindwa. Mbwa wao aliyekuwa amelala chini ya ngazi aliinuka, akaenda hadi barabarani, akasimama akitazama upande ambao gari la Royce lilikuwa likitokea.

"Umesikia?" Garland alisema, macho yaking'aa. "Ni yeye mtupu!"

"Ndiyo hilo ninalokuambia," Nadine akamjibu.

*

Haikuchukua muda. Sauti ya Garland ilianza kukauka, kisha ulimi wake ukaota utando mweupe kama ule wa siagi. Daktari wa mjini alimpa dawa ya kunyunyiza, akasema ni fangasi, akamuuliza kama amekuwa akitia mdomoni kitu kichafu. Garland alisema hapana. Dawa haikufanya kitu. Utando ulitoka kwenye ulimi ukapanda kaakaa, ukashuka kooni, na chakula kikaanza kumrudia. Uji wa mahindi alimeza kwa machozi. Mashati yake yakaanza kumpwaya.

Asubuhi moja walikuwa mezani. Nadine alimmiminia kahawa. Garland alionja, na midomo yake ikiwa haijafunguka sawasawa, sauti ikatoka.

"Shemeji, kahawa yako bado ni maji ya kuoshea vyombo."

Royce alikuwa akisema hivyo kila Krismasi, wakati alipokuwa bado anakaribishwa.

Nadine hakusogea. Garland aliweka kikombe chini taratibu, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Juu ya mikono macho yake yalikuwa yamemtoka.

"Sikusema mimi," alinong'ona kupitia vidole.

"Najua."

"Nadine, haki ya Mungu sikusema mimi."

"Nimesema najua. Nyamaza. Usifungue mdomo."

Siku ile Garland alipokwenda kazini, maana alikwenda, akiogopa kubaki zaidi ya alivyoogopa kwenda, Nadine aliamua kukimaliza kile kitu kwa njia aliyofunzwa. Alikitoa kwenye friji kwa koleo la kupakulia nyama, akakiweka kwenye sinki, akafungua maji. Kwa mara ya kwanza tangu Royce afe nacho mdomoni, kile kipenga kikaoshwa, kwa maji baridi kwanza na kisha kwa dawa ya kusukutulia, na Nadine akakisugua kwa kidole gumba huku akisoma zaburi aliyoikumbuka nusu, na maji yaliyotoka yalikuwa meupe kama maziwa na hayakwisha kuwa meupe, na chini ya kidole chake zile ndimi zikaanza kutetemeka pasipo upepo wala pumzi, zikatetemeka kama ndege mdogo aliyeshikwa, kisha pumzi ndefu ikapita jikoni, ikapita kando ya shingo yake, ikatoka kwa mlango wa nyuma ikielekea barabara ya kiwandani. Baada ya hapo kikawa kipande cha mpira na bati.

Alifurahi. Alikitupa kwenye pipa la kuchomea taka na kuwasha moto.

Garland alirudi jioni, akaingia bila kuvua buti, akaketi kwenye kiti ambacho hakuwa akikikalia. Alitabasamu kwa upande mmoja, kama alivyokuwa akitabasamu Royce.

"Asante, shemeji," ilisema sauti. "Nilikuwa nimebanwa mle kwenye siagi. Sasa nina nafasi."

"Mtoke mume wangu."

"Huyu? Huyu Kifaranga?" Ndivyo Royce alivyomwita mdogo wake tangu utotoni, na Garland aliwapiga watu ngumi kwa jina hilo. "Nimeazima tu mdomo. Yeye aliuchukua wangu bila hodi."

Tangu siku ile kukawa hakuna tena mazungumzo ndani ya nyumba. Kila alfajiri, kabla rangi haijaingia dirishani, Garland akiwa amelala chali, koo lake lilianza kuita kama jike. Mwanzoni liliita vizuri. Kisha mwito ukaanza kupotea njia: ukakatika katikati, ukarudi haraka mno, ukawa mrefu mahali pasipofaa, ukawa si wa ndege tena ila wa kitu kinachogonga mlango, na ukaendelea hivyo mpaka jua lilipofika kitandani, ndipo ukapungua, ukawa pumzi, ukaisha. Nadine alilala kando yake akiusikiliza mpaka mwisho kila siku, na kila siku ulikuwa uleule. Garland hakuwa usingizini wakati huo. Machozi yalikuwa yakimtiririka kuelekea masikioni. Kufikia mwezi wa saba alikuwa hamezi ila maji, na maji yenyewe kwa kijiko.

*

Bi Vesta Cagle alikuwa akikaanga kuku kwenye duka la kituo cha mafuta. Baba yake alikufa mgodini kabla yeye hajazaliwa, na kule mtu asiyepata kumwona baba yake huwa na pumzi: watoto wachanga wenye utando mweupe mdomoni hupelekwa kwake, akawapulizia kinywani, wakapona. Halipwi wala haambiwi asante. Asante huiharibu dawa.

"Bi Vesta," Nadine alisema kwenye kaunta, "nina mtu ana utando mdomoni."

"Mlete. Mtoto wa nani?"

"Ni Garland."

Delbert wa karakana, aliyekuwa kwenye foleni, aliangua kicheko. "Garland bado ananyonya? Nadine, mwachishe, mwanamume mzima yule!"

"Delbert," Bi Vesta alisema, "chukua mapaja yako uondoke."

"Ya kuku au yangu?"

"Yote manne."

Mtu akacheka nyuma. Bi Vesta hakucheka. Alimtazama Nadine usoni, akamvuta nyuma ya majiko, na huko Nadine alimweleza kwa kunong'ona.

"Royce alikufa na kipenga mdomoni?"

"Ndiyo."

"Nani alikitoa?"

"Garland."

"Na nani alikiosha?"

"Mimi."

"Hmm." Bi Vesta alizima kikaango cha kwanza, kisha cha pili. "Umelibomoa banda la mtu, ukadhani atalala nje? Kaingia nyumba ya jirani. Mimi napuliza vichanga, Nadine, sipulizi majitu. Na Hocutt sijawahi kumpenda hata mmoja. Twende."

Walimkuta Garland sebuleni, amejifunika shuka mwezi wa saba, nywele zimelowa jasho. Bi Vesta hakuwa ameketi bado.

"Vesta Cagle!" ilisema sauti. Midomo haikusogea; koo ndilo lililosogea. "Umekuja na mafuta yako yote. Kuku wako walikuwa wakiniua polepole, moyo ukawawahi."

"Na wewe ulikuwa unakula wanne," Bi Vesta alisema. "Unataka nini, Royce?"

"Kujibiwa."

"Na nani?"

"Na huyu ninayemkalia."

Garland alianza kutikisa kichwa. Alitikisa kichwa kukataa, na kutoka kwenye kichwa hichohicho kinachokataa sauti iliendelea, tulivu, ikimwelekea Nadine.

"Mkono wa kushoto ulikufa kwanza, shemeji. Nikataka kupiga kelele, taya likagoma, na kipenga kimeng'ang'ania kwenye kaakaa na ulimi hauna nguvu ya kukitema. Nilichoweza ni kupuliza. Nikapuliza. Yeye alikuwa upande wa pili wa korongo, hakutakiwa kuwapo pale, ni ardhi yangu, lakini kofia yake naiona, na nikashukuru Mungu kumwona mwizi. Nikamwita ovyo, makusudi, namna ambayo hakuna ndege anayeita na hakuna Hocutt asiyejua kwamba hakuna ndege anayeita hivyo. Akainua uso. Akanitazama. Akavuta kofia chini, akaegemea mti wake. Jua likapanda. Nilipuliza mpaka pumzi ikaisha, ndipo akaja, na kitu cha kwanza alichofanya ni kunitia vidole mdomoni."

Nadine alimtazama mumewe machoni. Kuna sheria ambayo kila mwindaji wa bata mzinga hufunzwa na baba yake: msituni, wakati wa msimu, usiifuate sauti ya jike, maana huenda nyuma yake kuna mtu na bunduki. Alijishika kwenye sheria hiyo. Alitaka macho ya Garland yaseme kwamba alifuata sheria tu. Macho ya Garland yalikwenda dirishani.

Bi Vesta alivua miwani yake.

"Sikilizeni wote, mzima na mfu. Nikipuliza utatoka, Royce, upende usipende. Lakini najua utasimama kizingitini. Garland, neno lako la kwanza liwe jibu lake. Mwambie, 'Nilikusikia, Royce.' Lisizidi hapo. Akijibiwa ana safari yake ataenda. Asipojibiwa atakwenda kusimama palepale alipofia, akuite, na pumzi ya pili mimi sina. Umeelewa?"

Garland aliitikia kwa kichwa.

"Nadine, mshike taya."

Bi Vesta aliinama, akaweka kinywa chake karibu na kile cha Garland bila kukigusa, akapuliza, na pumzi ile haikuwa ya mwanamke wa umri wake kwa sababu haikukoma, iliingia na kuingia huku uso wake ukiwa mwekundu kisha mweupe, na mwili wa Garland ukanyanyuka kutoka kwenye kiti kana kwamba kuna mkono chini yake, na kooni mwake ikaanza ile sauti ya jike, ikaanza vizuri, ikapotea njia, ikakatika, ikarudi, alfajiri nzima ya mwezi wa nne ikapita ndani ya chumba kile kwa muda wa pumzi moja, na Nadine aliyekuwa ameshika taya aliihisi mifupa ikitetemeka viganjani mwake, mpaka harufu ya majani yaliyooza ikajaa, ikawazunguka, mlango wa wavu wa nyuma ukafunguka wenyewe na kujipiga ukutani. Utando mweupe ukatoka mdomoni mwa Garland mzima mzima, kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, ukaangukia taulo.

Friji jikoni ikanguruma na kutulia.

"Nadine," alisema Garland.

Ilikuwa sauti yake. Sauti ile nzito ya puani ambayo hakuwa ameisikia kwa wiki nyingi, ambayo zamani ilikuwa ikimchosha akiwa jikoni. Nadine aliangusha kichwa kwenye bega la mumewe akalia kwa nguvu.

"Usilie sasa," Bi Vesta alisema, ameshikilia ukuta. "Aseme."

"Sema, Garland," Nadine alisema. "Sema upesi. Nilikusikia, Royce."

Garland alilamba midomo. Alimtazama mkewe, akamtazama Bi Vesta, ambaye kesho angesimama kwenye kaunta na kaunti nzima ingepita mbele yake.

"Niseme nini? Sikusikia kitu."

"Garland."

"Sikusikia kitu, nimesema. Na hata hivyo, mtu anayeita ovyo namna ile, nani angejua ana shida? Alikuwa ananifukuzia dume langu. Maisha yake yote alikuwa hivyo."

Garland mwenyewe alisikia alichokisema, na shingo yake ikapanda damu.

Bi Vesta aliivaa miwani, akachukua mkoba wake. "Mimi nimemaliza hapa," alisema, na akatoka kwa mlango wa mbele.

Saa hiyohiyo, mchana wa mwezi wa saba, bata mzinga wakiwa kivulini na hakuna jike katika Alabama nzima lenye haja ya dume, sauti ikaita kutoka juu ya korongo la Caney. Kyo, kyo, kyo. Iliita vizuri. Iliita kama mtu mwenye muda.

Miguu ya Garland ikamwinua. Uso wake haukutaka. Mikono yake ilikuwa imeng'ang'ania kiti, na kiti kikamfuata hatua kadhaa kabla hajakiachia.

"Nadine! Nishike! Nishike, mama, miguu hainisikii!"

Alikwishamshika. Alikuwa amemdaka mkanda wa suruali kwa mikono miwili, visigino vyake vimejikita kwenye zulia, na alikuwa na nguvu ya kutosha. Wiki zile zilikuwa zimemfanya mwanamume yule mwepesi. Angeweza kumlaza chini na kumkalia mpaka jua lizame. Wangeweza kuishi hivyo, siku baada ya siku.

"Ulimsikia?" alimuuliza. "Niambie mimi. Yeye mwache. Niambie mimi tu."

"Nishike kwanza!"

"Ulimsikia ndugu yako anakufa, ukavuta kofia?"

Garland aligeuza uso. Alikuwa akilia, lakini mdomo wake, aliorudishiwa wote, ukakaza.

"Yeye angenifanyia hivyohivyo," alisema.

Nadine alifungua vidole.

Garland alitoka kwa mlango wa nyuma, miguu mitupu. Alipita kati ya mistari ya bamia, akiita jina la mkewe kwanza kwa hasira, kisha kwa kubembeleza, kisha pasipo maneno. Nadine aliketi kwenye kiti kile, bado kina joto. Mbwa alijikunyata chini ya meza. Miti ilimpokea Garland, na juu ya korongo ile sauti ikaendelea kumwongoza, ya upole, ya subira, ikimpa nafasi ya kupanda.

Halafu ikanyamaza.

Nadine alikuwa binti wa mwindaji, na ukimya ule aliuelewa. Mwindaji anayeijua kazi yake haiti mpaka mwisho. Huacha kuita pale anapoliona dume limekwisha kutokea.